Shujaa Huyu ni Mwana wa Nani?

Ndugu msomaji, ukitoka Songea kwa basi kuelekea Mbinga, utafika Kitai kabla hujaichoka safari. Hapo njia hugawanyika: barabara kuu huendelea kupitia Kigonsera mpaka Mbinga mjini, na nyingine huchepuka kuelekea Lituhi, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Watu wengi huijua Kitai kwa gereza lake. Siku hizi wengine huijua kwa malori ya makaa ya mawe yatokayo Ngaka. Mwandishi wa makala haya anaijua kwa jambo jingine. Hapo ndipo alipowakuta vijana wakigombana, nusura wavunjiane mabenchi, kwa ajili ya baba wa mtu ambaye hajapata kuzaliwa duniani.

Ilikuwa jioni, miaka michache iliyopita. Basi lilikuwa limeharibika, na abiria tuliambiwa tusubiri fundi. Kando ya barabara palikuwa na banda la video: mabati juu, mabenchi chini, luninga moja, na sauti ya mtafsiri ikieleza kwa Kiswahili mambo yaliyosemwa kwa Kiingereza. Vijana walikuwa wakitazama tamthilia ya kigeni yenye wafalme, mazimwi na majoka yatemayo moto. Mara umeme ukakatika, na ukakatika pale pale ambapo mtu mmoja alikuwa yu karibu kufumbua siri ya uzazi wa shujaa wao.

Basi, gizani mle ukaanza ubishi. Mmoja alisema kuwa shujaa yule ni mtoto wa bwana aliyemlea, kwani mtu hawezi kumlea mtoto wa mwenzake kwa mapenzi kiasi kile. Mwingine akamkatiza: bwana yule ni mwaminifu mno kuweza kuzaa nje ya ndoa, kwa hiyo lazima ipo siri. Wa tatu, ambaye bila shaka alikwisha kuiona tamthilia hiyo mara mbili, alicheka tu na kusema, “Nyinyi mtazameni mama yake, msimtazame baba.” Mzee mmoja aliyekuwa akiuza karanga mlangoni alitikisa kichwa. “Wajukuu zangu,” akasema, “hayo yenu ni mapya? Sisi tulibishana hivyo hivyo shuleni juu ya Liyongo.”

Pengine ubishi ungeishia katika kicheko. Lakini mtani mmoja alimgeukia mvulana aliyekaa benchi la nyuma, akamwuliza kwa sauti ya juu, “Na wewe je? Wa kwako ni nani?” Banda zima likaangua kicheko. Mvulana yule, ambaye umri wake haukuzidi miaka kumi na minne, hakujibu neno. Aliinuka, akapita katikati ya miguu ya wenzake, akatoka nje. Umeme uliporudi, hakurudi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo nataka tulitafakari pamoja Jumapili ya leo. Kwa nini fumbo la baba wa shujaa hutupa raha kubwa katika hadithi, na fumbo hilo hilo likiwa nyumbani kwetu humfanya mtoto atoke nje gizani?

UGENINI NAKO WANAULIZA

Tuanze na shujaa wa luninga, maana ndiye aliyeuzusha ugomvi. Jina lake ni Jon Snow. Alibuniwa na mwandishi wa Marekani, George R. R. Martin, katika mfululizo wa riwaya ulioanza kuchapishwa mwaka 1996, na tamthilia yake, iitwayo Game of Thrones, ilionyeshwa kuanzia mwaka 2011 hadi 2019. Kijana huyu analelewa katika nyumba ya bwana mkubwa kama mtoto wa nje ya ndoa. Hata jina la Snow, maana yake theluji, ni alama: katika sehemu hiyo ya nchi ya hadithi, ndilo wapewalo watoto wasio na ubini wa halali. Mke wa bwana yule humtazama kwa jicho baya. Mama wa kijana hatajwi, na kila aulizaye hunyamazishwa.

Wasomaji hawakukubali kunyamazishwa. Kwa miaka mingi walikusanya vijineno vilivyotawanyika vitabuni: ahadi aliyopewa mwanamke aliyekuwa akikata roho, maua yaliyotajwa hapa na pale, tabia ya bwana asiyejua kusema uongo lakini akashika uongo mmoja maisha yake yote. Wakajumlisha, wakapata jawabu: kijana yule hakuwa mwana wa bwana, bali mpwa wake, mtoto wa dada yake aliyefariki, na baba yake alikuwa mwana wa mfalme. Mwaka 2016 tamthilia ilithibitisha kuwa waliokisia hivyo walikisia sawasawa. Kumbe bwana yule alikubali kuchafua jina lake ili mtoto asiuawe na maadui wa baba yake.

Kabla ya hapo, mwaka 1980, watazamaji wa filamu za Star Wars walipigwa na butwaa pale adui mwovu kuliko wote, Darth Vader, alipomwambia kijana shujaa, Luke Skywalker, kuwa yeye ndiye baba yake. Watu waliingia katika majumba ya sinema wakimchukia mtu mmoja, wakatoka hawajui kama wamchukie au wamhurumie.

Mambo hayo ni ya kubuni, na waliyoyabuni wamelipwa vizuri. Lakini yule mzee wa karanga alisema kweli. Hakuna haja ya kuvuka bahari kutafuta shujaa ambaye uzazi wake una ubishi. Yupo wetu, na ubishi juu yake ni mkongwe kuliko luninga na kuliko hata vitabu vyetu vya chapa.

LIYONGO NA NDUGUYE

Katika milima ya Umatengo, wazee walikuwa na desturi iitwayo sengu. Jioni ndugu wa ukoo mmoja walikusanyika, wakala pamoja, na baada ya chakula wakubwa wakazungumza na wadogo: nani ni nani, shamba la nani linapakana na la nani, na sungura alimdanganya vipi mwenye nguvu kumshinda. Pwani nako jioni zilikuwa na watambaji wake. Huko, kuanzia mdomo wa Mto Tana mpaka visiwa vya Lamu na Pate, jina lililotajwa kuliko yote lilikuwa la Fumo Liyongo.

Wengi wetu tulimjua shuleni. Alikuwa mtu wa kimo kisicho cha kawaida, hodari wa upinde, bingwa wa mashairi. Mwaka 1870 Askofu Edward Steere aliichapisha hadithi yake mjini London, katika kitabu cha hadithi alizozikusanya Unguja. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu aliitunga kwa utenzi wenye beti zaidi ya mia mbili, na mwaka 1973 utenzi huo ukachapishwa Dar es Salaam na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Wataalamu hawakubaliani aliishi lini: wapo wamwekao katika karne ya 13, na wapo wamsogezao mpaka karne ya 16 au 17.

Kisa chenyewe ni hiki kwa ufupi. Mtawala alimwogopa Liyongo, akataka auawe. Akapanga na watu wa porini wale naye matunda ya mkoma kwa zamu, kila siku mmoja apande mti awachumie wenzake, ili zamu ya Liyongo ikifika apigwe mishale akiwa juu. Zamu yake ilipofika, Liyongo hakupanda. Aliyatungua matunda kwa mishale kutoka chini. Baadaye alifungwa gerezani. Mama yake akampelekea mkate wa wishwa kwa mkono wa kijakazi Saada. Walinzi, waliozoea kumnyang’anya vyakula vizuri, wakaudharau mkate wa maskini, wakampa. Ndani yake mlikuwa na tupa. Liyongo akaomba ipigwe ngoma ya gungu, na katika kishindo cha ngoma na matoazi akakata minyororo yake, akatoka.

Sasa njoo kwenye swali la yule mtani wa Kitai. Liyongo alikuwa mwana wa nani?

Masimulizi yaliyoenea husema kuwa Liyongo na Mringwari walikuwa ndugu wa baba mmoja, mtawala wa Shaka, mji uliokuwa karibu na mdomo wa Mto Tana. Mama zao walikuwa mbalimbali. Liyongo ndiye aliyekuwa mkubwa na ndiye aliyekuwa na nguvu, lakini mama yake hakuwa mke mwenye cheo, na watu wakampa ufalme Mringwari. Kwa kauli hii, ugomvi wote wa maisha yake ulianzia chumbani kwa mama yake, kabla hajashika upinde.

Wengine husema sivyo. Hao hudai kuwa wawili hao hawakuwa ndugu wa tumbo wala wa baba, bali binamu, na kwamba ugomvi ulikuwa wa sheria mbili zilizokutana katika mji mmoja. Sheria moja, ya kale, ilimrithisha mpwa, mtoto wa dada; sheria ya pili, iliyoletwa na Uislamu, ilimrithisha mwana wa kuzaa. Mtaalamu wa Kiingereza, Alice Werner, aliyeandika sana juu ya Liyongo katika miaka ya 1920 na 1930, aliligusa jambo hilo. Msomaji aliyepata kuona ukoo ukigawanyika juu ya shamba la marehemu hahitaji kuambiwa kuwa sheria mbili katika nyumba moja ni moto na petroli.

Wa tatu ni Wapokomo, wakulima wa bonde la Mto Tana. Nao wana masimulizi yao ya Liyongo, na kwao si haki kumfanya mtu wa mji wa mawe peke yake, maana miguu yake ilikanyaga mashamba yao. Wa nne ni wale waliolishika jina la heshima la Shaha lililotangulia jina la Mringwari, wakaufuata ukoo huo mpaka Uajemi. Kila mmoja katika hao ana ushahidi wake, na kila ushahidi, ukiutazama vizuri, humwelekeza shujaa kwenye mlango wa yule aliyeuleta.

MTU WA LITEMBO

Hapa hapana budi kutaja jambo ambalo huenda wasomaji wetu wa Ruvuma watalifurahia. Miongoni mwa wasomi waliolishughulikia kwa kina suala la utambulisho wa Liyongo yumo Joseph Mbele, mzaliwa wa Litembo, huko huko wilayani Mbinga. Mwaka 1986, akiwa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, alimaliza tasnifu yake ya udaktari juu ya shujaa katika tendi za Afrika, na mwaka huo huo jarida moja la fasihi ya Afrika likachapisha makala yake iliyohusu hasa swali hilo: shujaa huyu wa utendi wa Liyongo ni nani? Baadaye, mwaka 1999, alichapisha kitabu cha ngano za Wamatengo.

Kwa hiyo mtoto wa milimani, aliyekulia mbali na bahari, ndiye aliyekwenda kuuliza habari za baba wa shujaa wa pwani. Wala si ajabu. Mtu wa Mbinga hulijua swali hilo tangu utotoni. Jaribu kupita Maguu, Mpapa au Langiro ukajitambulisha kuwa wewe ni Ndunguru, Kapinga, Hyera au Nchimbi. Utaitikiwa vizuri, kisha mzee atakuuliza, “Wa wapi? Babu yako nani?” Haulizi kwa ubaya. Anatafuta mahali pa kukuketisha.

MFINYANZI NA NGOMA YA MTONI

Tusidhani kuwa ni Liyongo tu. Uganda kuna Kimera, mmoja wa wafalme wa mwanzo wa Buganda. Waganda husimulia kuwa baba yake alikuwa Kalemeera, mwana wa mfalme Chwa, aliyekwenda Bunyoro na huko akampa mimba Wannyana, mke wa mfalme wa Bunyoro. Mtoto alipozaliwa alifichwa, akaokotwa na kulelewa na mfinyanzi, kisha akaja kuirithi Buganda. Ukivuka mpaka kwenda Bunyoro, utaambiwa habari nyingine kabisa: mfalme huyo alikuwa Kato, pacha wa Rukidi, mfalme wao, na kwa hiyo Buganda ilianzishwa na mdogo wa nyumba yao. Unaona, msomaji? Ukimpa Kimera baba mmoja, Buganda inasimama peke yake. Ukimpa baba mwingine, Buganda inakuwa mdogo wa Bunyoro. Swali lililoonekana kuwa la chumbani ni swali la mataifa mawili.

Mashariki ya Kongo kuna Mwindo, shujaa wa Wanyanga. Utendi wake ulisimuliwa na Candi Rureke, ukachapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Mwindo hana fumbo la uzazi. Baba yake anajulikana: ni Shemwindo, mtawala wa Tubondo. Ila Shemwindo alikuwa ameapa kuwa wake zake wazae mabinti tu. Alipozaliwa mtoto wa kiume, akitembea na kusema tangu siku ya kwanza, baba alimtupia mikuki, akamzika, na aliposhindwa akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto akaelea mpaka kwa shangazi yake, Iyangura. Baadaye alimfuata baba yake hadi kuzimu, akamrudisha, na mwisho wakagawana utawala. Ikiwa Liyongo anatufundisha kuwa baba anaweza kubishaniwa, Mwindo anatufundisha kuwa baba anaweza kujulikana na watu wote na bado asiwepo.

KWA NINI TUNAULIZA?

Tukizikusanya hadithi hizi, tunaona kuwa watu huuliza habari za baba wa shujaa kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni haki. Katika jamii ambamo kiti, ng’ombe na ardhi hupitia kwa baba au kwa mjomba, kumtaja baba ni sawa na kutaja hati ya shamba. Mringwari na Liyongo hawakugombea jina, waligombea mji.

Ya pili ni kujivunia. Kila jamii hutaka mtu mkubwa atoke kwake. Hakuna aliyepata kubishana kwa jasho juu ya baba wa mwizi wa kuku.

Ya tatu, nayo ndiyo iliyo karibu na moyo, ni faraja. Aliyedharauliwa hupenda kusikia kuwa aliyedharauliwa mwenzake alikuwa mwana wa mfalme. Mtoto aliyelelewa na bibi, mtoto aitwaye majina mabaya njiani, akimwona kijana wa luninga akisimangwa kisha akatokea kuwa mrithi wa kiti, hupumua. Huenda ndiyo sababu mvulana yule alikaa benchi la nyuma jioni ile, akitazama kwa makini kuliko wenzake.

Lakini, msomaji, faraja hiyo ina mwiba ndani yake. Humwambia mtoto kuwa thamani yake imefichwa kwa baba asiyemjua, na kwamba siku akijulikana, ndipo yeye atakapokuwa mtu. Je, kama baba huyo si mwana wa mfalme? Kama ni mtu wa kawaida tu aliyepita na lori, au jirani anayesalimiwa kila asubuhi?

Utenzi wa Liyongo wenyewe hauikubali faraja hiyo. Kumbuka mwisho wake. Wagala, ambao leo huitwa Waoromo, waliposikia sifa za Liyongo walitaka mbegu yake, wakamwoza binti yao, akazaa mtoto wa kiume. Mtoto huyo hakuwa na fumbo lolote: alimjua baba yake, akala naye, akafanana naye. Na ndiye aliyekubali ahadi za mtawala, akaenda kumwuliza baba yake ni kitu gani kiwezacho kumwua. Baba akamwambia: sindano ya shaba, ichomwe kitovuni. Mwana akangoja baba alale, akamchoma. Liyongo aliinuka na upinde wake mpaka kisimani, akapiga goti, akafa akiwa ameuvuta. Watu hawakuthubutu kuteka maji kwa kumwogopa, mpaka alipoitwa mama yake aje ambembeleze. Na mwana hakuufaidi ujira wake.

Damu, basi, ilijulikana, na damu ndiyo iliyoua. Aliyesimama upande wa Liyongo tangu mwanzo hadi mwisho ni yule mama ambaye cheo chake kilidharauliwa, yeye na mkate wake wa wishwa. Wanaobishana juu ya nasaba ya Liyongo mara nyingi humsahau. Wahenga hawakusahau: waliposema kitanda hakizai haramu, walimkinga mtoto kwa maneno matatu ya watu wazima.

MTOTO ALIYE HAI

Hata hivyo si kweli kwamba ukoo hauna maana, na gazeti la familia lisingefanya vema kuwaambia wazazi hivyo. Shujaa wa hadithi anaweza kuwa na baba wanne, tukabishana kwa raha mpaka umeme urudi. Mtoto aliye hai ana mmoja, na ana haki ya kumjua.

Haki hiyo si hisani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 6, inampa kila mtoto wa Tanzania haki ya kuwa na jina na uraia, na ya kuwajua wazazi wake waliomzaa pamoja na ndugu wa ukoo wake. Pakiwa na ubishi, sheria hiyo hiyo inaruhusu maombi kupelekwa mahakamani ili itamkwe nani ni mzazi. Mama, mlezi, mtoto mwenyewe au ofisa wa ustawi wa jamii anaweza kuomba. Mahakama hutazama jina lililoandikwa katika daftari la vizazi, mila ambazo baba alizitimiza kwa ajili ya mtoto, kukiri kwake mbele za watu, na inapolazimu, majibu ya kipimo cha vinasaba. Kwa maneno mengine, yale yaliyokuwa yakibishaniwa kwa tenzi mia moja huweza kumalizwa kwa jalada moja.

Lakini sehemu kubwa ya watoto hawatafika mahakamani, wala haifai wafike. Jawabu lao liko nyumbani. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hiyo ni mama, au bibi, au mjomba aliyekuwapo siku ile. Wakubwa hawa hunyamaza kwa sababu wanazoziona kuwa njema: hawataki kumwumiza mtoto, hawataki kuamsha ugomvi wa zamani, wanamngoja akue. Bwana wa hadithi ya Jon Snow naye alinyamaza kwa wema. Akafa kabla ya kusema, na kijana akabaki kuisikia habari yake kutoka kwa vinywa vya watu wengine. Ukimya ni chakula kinachochacha. Ulichokinyamazia kwa upendo leo, kesho kitasemwa na mtani bandani, kwa kicheko.

Kumwambia mtoto si lazima kuwe hotuba. Mwambie jina. Mwambie kijiji. Kama kuna bibi wa upande wa pili, na kama hakuna hatari, mpeleke akamwamkie. Kama baba alikataa, mwambie kuwa alikataa, na kwamba kukataa kule kulikuwa kosa la mtu mzima, wala si upungufu wa mtoto. Mwindo alitupwa mtoni ndani ya ngoma, na hakuna Mnyanga aliyepata kusema kuwa kosa lilikuwa la Mwindo.

Na wewe baba unayesoma ukurasa huu baada ya chakula cha mchana, ikiwa kuna mahali ambapo mtoto anakaa benchi la nyuma kwa sababu hujasema neno, jua kwamba neno hilo halihitaji ufalme. Mtoto hangoji mwana wa mfalme. Anangoja mtu wa kumjibia atakapoulizwa.

Fundi alimaliza kazi yake usiku ule, nasi tukaitwa garini. Nilipopita mbele ya banda niliwasikia vijana wakishangilia. Bila shaka siri ilikuwa imefumbuliwa. Mvulana alikuwa ameketi peke yake juu ya gogo karibu na njia panda, na yule mzee wa karanga alikuwa amekaa kando yake, kapu lake katikati. Sikusikia walichozungumza tangu mwanzo. Nilisikia mzee akisema tu, “Babu yako mimi nilimfahamu. Tulilima pamoja.” Na mvulana, kwa sauti ambayo sikuitegemea kutoka kwake, akauliza, “Alikuwaje?”